Kutembea kwa Miguu Vijijini Ufaransa Ukiwa na Mwongozaji: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Mifano mingi hapa chini inatoka Massif Central, zile nyanda za juu za katikati na kusini mwa Ufaransa, hasa milima ya Cévennes na uwanda wa Aubrac. Brittany, Alsace, Périgord na Provence nako kunatembeka vizuri, na sehemu hizo nitazitaja inapobidi, ila ni afadhali kueleza sehemu moja ikaeleweka kuliko kurukaruka nchi nzima.

Safari ya namna hii inakuwaje hasa?

Mnatembea kutoka kijiji hadi kijiji, kilomita 12 hadi 20 kwa siku, kwa siku tano, sita au saba. Kundi huwa la watu wachache, mara nyingi chini ya kumi na wawili, na mwongozaji mmoja anayekula na kulala mlipo. Begi kubwa linatangulia kwa gari. Wewe mgongoni una maji, koti la mvua, sweta na chakula cha mchana. Jioni mnakuta vitanda vimetandikwa na chakula kiko jikoni.

Kuna aina ya pili, ambapo mnalala nyumba moja wiki nzima na kila siku mnatoka kwa njia tofauti. Hiyo inamfaa mtu ambaye hana uhakika na miguu yake, maana siku akichoka anabaki na kitabu chake bila kumsumbua mtu.

Njia zote zimewekwa alama. Kwa nini basi nimlipe mwongozaji?

Swali zuri, na jibu langu haliwafurahishi wanaouza safari hizi: kama hofu yako ni kupotea tu, usimlipe. Ufaransa ina zaidi ya kilomita 180,000 za njia za miguu zenye alama, na kazi kubwa ya kuzichora na kuzitunza hufanywa na watu wa kujitolea wa shirikisho la matembezi, FFRandonnée. Njia ndefu huitwa GR na kila moja ina namba yake. Alama yake ni mistari miwili mifupi, mweupe juu na mwekundu chini, iliyopakwa kwenye mti, jiwe, nguzo ya umeme au kona ya zizi. Mistari ikikatizana kama herufi X, umekosea njia, rudi nyuma. Ikiwa na mshale chini yake, kuna kona mbele. Mstari wa manjano peke yake ni njia fupi ya siku moja. Mtoto anayejua kusoma anayashika haya kwa dakika tano.

Unachomlipia mwongozaji ni yale ambayo rangi haisemi. Chukua njia ya GR 70 inayokatiza Cévennes. Inafuata nyayo za mwandishi wa Uskoti, Robert Louis Stevenson, aliyepita huko mwaka 1878 kwa siku kumi na mbili akiwa na punda jike aliyemwita Modestine, kisha akaandika kitabu juu ya safari hiyo. Katikati ya njia mnaingia Le Pont-de-Montvert, kijiji cha mawe chenye daraja juu ya mto Tarn. Ukiwa peke yako utakunywa kahawa, utapiga picha ya daraja, utaondoka. Mwongozaji anayejua kazi atawasimamisha hapo na kuwaeleza usiku wa tarehe 24 Julai 1702.

Mfalme Louis XIV alikuwa amefuta Amri ya Nantes mwaka 1685, na tangu hapo ibada ya Kiprotestanti ilikuwa kosa. Watu wa milima hii walisali porini na mapangoni. Padri mmoja, Abbé du Chayla, alikuwa akiwasaka na kuwafunga, na baadhi ya mateka wake alikuwa nao katika nyumba ya kijiji hiki. Usiku ule kundi la watu lilikuja likiimba zaburi, likawafungua wafungwa, likachoma nyumba na kumuua padri. Ndivyo vilivyoanza vita vya Wakamisadi: wakulima na wafuma sufu wakipigana na jeshi la mfalme aliyekuwa na nguvu kuliko wote Ulaya, kwa miaka miwili, katika mabonde haya haya mnayoyatazama.

Ukishasikia hayo, kesho yake unaanza kuona vitu. Makaburi mawili matatu nyuma ya nyumba ya shamba, kando ya mti wa saipresi. Mkenya au Mtanzania aliyezoea kuzikwa nyumbani hataona ajabu, ila sababu hapa ni nyingine: Waprotestanti hawakuruhusiwa katika makaburi ya Kanisa Katoliki, wakawazika wapendwa wao kwenye ardhi yao wenyewe, na desturi ikabaki.

Juu ya Mont Lozère hali ni hiyo hiyo. Utapita nguzo za granaiti zilizosimikwa kwa mstari katika uwanda mtupu na utadhani ni mipaka ya mashamba. Kazi yake ilikuwa kuonyesha njia wakati theluji imefunika kila kitu. Vijiji kadhaa vya mlima huu vilijenga minara midogo ya kengele isiyo na kanisa, na wakati wa dhoruba kengele ilipigwa mfululizo ili aliyepotelea kwenye theluji afuate sauti. Kuna pia habari za mnyama wa Gévaudan, jina la zamani la eneo hili, aliyeua watu wapatao mia moja kati ya 1764 na 1767, na mpaka leo wanabishana kama alikuwa mbwa mwitu au kitu kingine. Usimuulize mwongozaji habari hiyo kabla ya chakula, hamtakula.

Kwa hiyo kabla ya kulipa, uliza mwongozaji anatoka wapi na amefanya kazi eneo hilo kwa muda gani. Mtu aliyeletwa kutoka mkoa mwingine na ramani mkononi ni mtu anayetembea mbele yako tu.

Nitajuaje kama mwongozaji na kampuni ni halali?

Ufaransa si mahali ambapo yeyote mwenye buti anaongoza watu mlimani kwa malipo. Sheria inataka diploma ya taifa. Kwa matembezi kama haya diploma hiyo humfanya mtu kuwa *accompagnateur en moyenne montagne*, na kila mwenye nayo anayefanya kazi hubeba kadi ya taaluma. Mwombe akuonyeshe, hatakasirika. Palipo na barafu ya kudumu au pa kupanda kwa kamba ni kazi ya watu wengine, *guides de haute montagne*.

Kampuni inayouza kifurushi, yaani njia, vitanda na mwongozaji kwa bei moja, lazima iwe imesajiliwa na Atout France, shirika la taifa la utalii. Namba yake ya usajili huanza na herufi IM, na kwa kawaida huandikwa chini kabisa ya tovuti. Usajili huo unadai kampuni iwe na dhamana ya fedha, ili ikifilisika pesa yako isipotee.

Nasema haya kwa sababu kwenye magrupu ya WhatsApp ya diaspora hakosekani ndugu anayetangaza kuwapeleka watu milimani kwa bei nzuri. Anaweza kuwa mtu mwema kabisa. Ila siku mtu amevunjika mguu, wema wake hauna bima.

Ni ngumu kiasi gani?

Kwa aliyepanda Kilimanjaro: hii si safari ya aina hiyo. Sehemu ya juu kabisa ya Mont Lozère, kilele cha Finiels, ni mita 1,699. Geti la Marangu, pale unapoandikisha jina kabla hujaanza kupanda, liko juu ya mita 1,800. Hakuna ugonjwa wa kimo, hakuna kuamshwa saa sita usiku.

Lakini usidharau. Ugumu wa huku ni kurudia: saa tano za kutembea leo, saa tano kesho, saa sita keshokutwa, na kila siku mita 400 hadi 700 za kupanda na karibu kiasi hicho cha kushuka. Kushuka ndiko kunakoumiza. Anayeishi ghorofani na kwenda kazini kwa gari atajua ana magoti siku ya tatu. Kanuni wanayotumia waongozaji ni kilomita nne kwa saa kwenye tambarare, na saa moja kwa kila mita 300 za kupanda.

Jipime hivi: ukiweza kutembea kilomita 15 Jumamosi na nyingine 15 Jumapili, ukiwa na begi dogo mgongoni, na Jumatatu ukashuka ngazi bila kushika ukuta, wiki hii unaiweza. Ukishindwa, anza mazoezi miezi miwili kabla, au chagua Périgord. Kule bonde la Vézère vilima ni vifupi, na mnapumzika kwa kutazama michoro ya kale. Pango la Lascaux lenyewe, lililogunduliwa mwaka 1940, limefungwa kwa umma tangu 1963, lakini nakala yake kamili pale Montignac ni kazi ya kushangaza.

Kuna mwongozaji anayezungumza Kiswahili?

Usitegemee. Kuna makundi ya Kiingereza, na ni ghali zaidi. Makundi ya Kifaransa ndiyo mengi, ya bei nafuu, na ndiyo yenye Wafaransa wenyewe ndani yake. Hapa ndugu zetu wa Bukavu, Goma na Bujumbura wametutangulia: Kifaransa cha shule kinawafungulia orodha nzima ya safari ambazo Mdar au Mnairobi hawezi kuzifuata vizuri. Kama Kifaransa chako ni cha kubabia, bado unaweza kujiunga, lakini utakosa nusu ya simulizi, na nimeshasema simulizi ndiyo unayoilipia.

Niende mwezi gani?

Mei mwishoni, Juni na Septemba. Juni siku ni ndefu na maua yamejaa Aubrac. Septemba joto limepungua na wanafunzi wamerudi shule.

Julai na Agosti kuna joto kali, na kusini zaidi, Provence, serikali huweza kufunga misitu siku ya hatari ya moto. Mwongozaji anaangalia ramani ya siku hiyo na kubadili mpango. Wanaotaka kuona lavenda ya Provence imechanua hawana hiari, ni kuanzia nusu ya pili ya Juni hadi Julai.

Oktoba ni mzuri kwa rangi za majani na kwa chestinati, zile njugu kubwa za mti ambao watu wa Cévennes waliuita mti wa mkate kwa sababu ndio uliowalisha. Lakini vuli ndiyo pia wakati wa mvua za ghafla za Cévennes: hewa ya joto kutoka bahari ya Mediterania inagonga milima na maji ya miezi yanamwagika kwa saa chache. Mito inapanda haraka mno. Mwongozaji akisema leo hatuvuki hapa, hakuna mjadala.

Kwa mtu wa pwani nakukumbusha jambo moja: Aubrac iko zaidi ya mita 1,000 na haina miti ya kuzuia upepo. Hata Mei asubuhi yake itakutafuta mifupani.

Tunalala wapi?

Mara nyingi kwenye *gîte d'étape*, nyumba ya wasafiri wa miguu: vyumba vya vitanda vinne au sita, bafu la pamoja, meza ndefu moja ya chakula. Safari za bei ya kati hutumia *chambres d'hôtes*, yaani vyumba ndani ya nyumba ya mwenyeji, au hoteli ndogo za kijijini. Ukitaka chumba peke yako sema mapema na uwe tayari kuongeza pesa. Katika vijiji vingine hakipo kwa bei yoyote.

Buti huachwa mlangoni. Chakula cha jioni ni saa moja au saa moja na nusu, wote kwa pamoja, na saa nne nyumba imekuwa kimya. Aliyezoea kula saa tatu usiku atajirekebisha.

Chakula kikoje?

Kizito, na baada ya kilomita 18 hutalalamika.

Aubrac wana aligot. Viazi vinapondwa na siagi, krimu na kitunguu saumu, kisha jibini changa iitwayo tomme inaongezwa juu ya moto na mwenyeji anaanza kusonga kwa mwiko mrefu wa mbao, anageuza, anavuta juu, mpaka mchanganyiko unakuwa uzi mmoja unaonyooka kutoka sufuriani hadi usawa wa kifua chake bila kukatika. Aliyekulia jikoni kwenye ugali atatambua kazi ya mkono ile bila kuambiwa. Kwa kawaida inaletwa na soseji ya nguruwe au nyama ya ng'ombe wa Aubrac, wale wa rangi ya ngano wenye macho kama yaliyotiwa wanja.

Le Puy-en-Velay, mji ambao mahujaji wa njia ya kwenda Santiago, Hispania, huanzia, una dengu za kijani ambazo jina lake linalindwa na sheria tangu 1996. Cévennes kuna pélardon, jibini ndogo ya maziwa ya mbuzi. Mchana ni mkate, jibini, nyanya na tunda, mnakula mmekaa kwenye ukuta wa mawe.

Mambo mawili ya kujua. Jikoni za mikahawa ya vijijini hufungwa saa nane mchana na ukifika saa nane na robo utapewa pole tu. Na maduka hufungwa mchana, Jumapili jioni, na mara nyingi Jumatatu nzima. Mwongozaji anajua, asiye na mwongozaji hulala na biskuti.

Mimi ni Mwislamu. Nitaweza?

Utaweza, ukisema mapema na ukisema kwa undani. Usiandike neno halali ukaishia hapo, maana mwenyeji wa kijiji cha watu mia mbili anaweza asijue ulichomaanisha kwa vitendo. Andika kwamba huli nguruwe wala mafuta yake, huli nyama isiyochinjwa kwa utaratibu wenu, hutumii chakula kilichopikwa kwa mvinyo, na kwamba samaki, mayai, mboga na jibini vinakufaa. Kwa Kifaransa: *sans porc, sans viande, sans alcool, poisson et œufs possibles*. Ukiomba hivyo utakula vizuri. Jihadhari na dengu, kwani mara nyingi hupikwa na nyama ya nguruwe ndani, na supu za kienyeji vivyo hivyo. Vipande vidogo vya nyama ya nguruwe, *lardons*, hutiwa hata kwenye saladi, na wenyeji wengine hawavihesabu kuwa nyama.

Nyama halali utaipata miji mikubwa kama Lyon, Nîmes au Clermont-Ferrand. Wengine hununua nyama kavu au makopo huko kabla ya kupanda.

Kuhusu sala, Juni jua huzama karibu saa tatu na nusu usiku, Isha inaingia kuelekea saa tano au baadaye, na Alfajiri iko karibu sana nyuma yake. Wengi hutumia ruhusa ya msafiri ya kupunguza na kukusanya. Adhuhuri na Alasiri zikikusanywa huangukia kwenye mapumziko ya mchana. Mwambie mwongozaji siku ya kwanza naye atapanga kusimama penye maji.

Viza ikoje?

Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo anahitaji viza ya Schengen ya muda mfupi. Wa Oman pia. Mwenye ya Uingereza, Kanada, Marekani au Falme za Kiarabu hahitaji kwa ziara fupi, na mkazi halali wa Ujerumani au Ubelgiji husafiri kwa kibali chake cha ukaazi pamoja na pasipoti.

Ada ni euro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024. Bima ya afya ya safari lazima ifikie angalau euro 30,000. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari na si chini ya siku kumi na tano. Hizo kumi na tano ni za kwenye karatasi. Nafasi za miadi kabla ya kiangazi huisha mapema, kwa hiyo anza miezi mitatu kabla.

Ugumu wa safari hii ni kwamba hulali hoteli moja. Iombe kampuni barua inayoorodhesha kila usiku utalala kijiji gani, nyumba gani, pamoja na namba yake ya usajili na uthibitisho kwamba umelipa. Afisa anayeona usiku saba, anwani saba na barua moja inayozifunga pamoja hana sababu ya kukuuliza unakwenda kufanya nini kijijini.

Inagharimu kiasi gani?

Kundi la Kifaransa la siku sita au saba, pamoja na kulala, chakula, usafiri wa mabegi na mwongozaji, kwa kawaida huanzia karibu euro 700 na kupanda hadi 1,200 na zaidi, kulingana na vyumba. Makundi ya Kiingereza huanzia juu ya hapo. Ongeza tiketi ya ndege, treni hadi mahali pa kukutania, bima, viza, vinywaji, na pesa ndogo ya kahawa za njiani. Bei ikiwa chini sana ya hapo, uliza nani anabeba mabegi. Jibu huenda likawa wewe.

Bakshishi ya mwongozaji si lazima kama ilivyo mlimani kwetu. Wengi huchanga kidogo siku ya mwisho au humnunulia chakula.

Kampuni ikivunja safari je?

Soma hapa kwa makini. Safari nyingi zina idadi ya chini ya watu. Isipofika, safari inavunjwa. Kwa sheria ya Umoja wa Ulaya kuhusu vifurushi vya utalii, kwa safari ya zaidi ya siku sita lazima wakuambie angalau siku 20 kabla, na kwa safari ya siku mbili hadi sita angalau siku 7 kabla, nao wanarudisha pesa yote ya kifurushi. Hawarudishi tiketi ya ndege uliyonunua mwenyewe. Wala ada ya viza. Anayetoka Afrika Mashariki achague tarehe ambayo kampuni imeshaitangaza kuwa imethibitishwa, kwa Kifaransa *départ garanti*, hata kama si tarehe aliyoipenda.

Nivae na nibebe nini?

Buti ulizokwisha kuzizoea. Viatu vipya siku ya kwanza ni malengelenge siku ya pili. Soksi za sufu au za kutembelea, jozi tatu. Pamba inalowa na kukwangua. Koti la mvua la kweli. Sweta nyepesi ya kuvaa ndani. Kofia. Fimbo mbili za kutembelea, ambazo vijana huzicheka mpaka mteremko wa kwanza. Chupa za maji za lita moja na nusu jumla. Taulo jepesi na shuka la kulalia la mfuko, kwa kuwa kwenye *gîte* mara nyingi unapewa blanketi bila shuka. Begi la kwenda na gari lisizidi uzito uliotajwa, mara nyingi kati ya kilo 12 na 15. Dereva analinyanyua kwa mkono na anajua kilo ishirini zinavyokaa.

Maji ya njiani: bomba lililoandikwa *eau potable* ni salama, *non potable* usinywe. Mabomba ya makaburini ni siri ya wazee wa njia, mengi yana maji mazuri, ila soma kibao kwanza.

Kuna wanyama wa hatari?

Wasiwasi wako upeleke kwa kupe, si kwa mbwa mwitu. Kupe hubeba ugonjwa wa Lyme. Kila jioni jikague nyuma ya magoti, kwapani na kiunoni, na umtoe kwa kibano maalumu kinachouzwa kila duka la dawa. Mbwa mwitu wamerudi Ufaransa, lakini hutawaona. Utakachokiona, hasa Alps na Pyrenees na sasa hata sehemu za Massif Central, ni mbwa wakubwa weupe wanaoishi na kondoo ili kuwalinda. Akija akibweka, simama, ongea kwa sauti ya chini, usipunge fimbo, usikimbie, kisha lizunguke kundi kwa mbali.

Ng'ombe wa Aubrac ni wapole mpaka uingie kati ya mama na ndama. Na kuanzia Septemba hadi mwisho wa Februari kuna wawindaji. Vaa kitu cha rangi kali, na ukiona kibao cha *chasse en cours* fanya anavyosema mwongozaji.

Nikiumia?

Namba ni 112. Katika milima ya Ufaransa uokoaji wa vikosi vya serikali, helikopta ikiwemo, haulipiwi na aliyeokolewa. Hospitali inalipiwa, ndiyo maana ya bima. Lozère ndio mkoa wenye watu wachache kuliko yote ya Ufaransa bara, kama elfu sabini na kitu, na mtandao wa simu hukatika mabondeni. Hii ni sababu ya pili ya haki ya kuwa na mwongozaji.

Mimi ni Mweusi. Nitatazamwa?

Vijiji vingine, ndiyo, kidogo. Njia hizi bado zina watembeaji wachache wenye sura zetu. Wengi wanaokutazama wanashangaa tu, na mwiko wa kwanza wa huko hauhusu rangi: ni kuingia mahali bila kusema *bonjour*. Mtanzania anayejua uzito wa shikamoo hatapata shida hapo. Sema *bonjour* kwa mwenye duka, kwa mkulima aliye kwenye trekta, kwa mtembeaji mnayepishana, na utaona nyuso zikibadilika. Tembea na pasipoti yako, si nakala, kwa kuwa polisi wana haki ya kukuuliza kwenye treni na vituoni. Ukitendewa vibaya na mtu wa kundi lenu, mwambie mwongozaji siku ile ile. Hiyo ni sehemu ya kazi yake.

Naweza kuleta watoto, au mama yangu?

Watoto kuanzia miaka minane hivi, kwenye safari zilizoandikwa za familia. Mama, kama anatembea sokoni na kurudi kwa miguu kila siku, huenda akakuacha nyuma. Kwa wote wawili chagua safari ya kituo kimoja.

Ni kweli mtu anaweza kukodi punda?

Kweli kabisa, kando ya njia ya Stevenson ni biashara ya kawaida, na kuna safari zenye mwongozaji na punda pamoja. Punda anabeba kama kilo 40, yaani mabegi ya familia ndogo, na watoto wanaolia siku ya kwanza kwa uchovu siku ya pili wanagombania kamba. Watu wa Lamu watacheka kusikia Wazungu wanalipa ili watembee na punda, na Stevenson mwenyewe alianza vibaya: alimnunua Modestine kwa faranga 65 na glasi ya brandi, hakujua kumfunga mzigo wala kumwendesha, na mwisho wa njia, Saint-Jean-du-Gard, akamuuza kwa 35 pamoja na matandiko yake. Siku hizi mwenye punda hukufundisha asubuhi ya kwanza jinsi ya kupiga brashi, kusafisha kwato na kupanga uzito sawa pande zote mbili. Ni saa moja hivi ya somo. Usiiruke, maana punda ambaye mzigo umemwelemea upande mmoja husimama, na hakuna Kifaransa cha kumwondoa hapo.